Ukandaji wa Kithai: Mkono ni Tiba, Mishipa Kumi ni Dhana



Lipo swali ambalo Waislamu wenzetu wamekuwa wakiliuliza baada ya darsa na baada ya swala, nasi tumeona si vyema liendelee kujibiwa kwa pembeni. Je, yafaa Muislamu kujitibu kwa ukandaji wa Kithai, ule ambao wenyewe huuita nuad Thai? Waulizaji ni wa namna mbili. Wamo ndugu zetu wa Maskati na Dubai, ambao Kiswahili bado ndiyo lugha ya majumbani mwao, wanaosafiri kwenda Bangkok kutibiwa katika hospitali zake kubwa, na wakiwa huko huelekezwa pia kwa mkandaji. Na wamo walioko huku kwetu, ambao huyaona mabao ya "masaji ya Kithai" katika miji mikubwa na hoteli za pwani, ilhali mgongo unawauma na vidonge vimewachosha.

Majibu wanayopewa, aghalabu, ni mawili. La kwanza: hiyo ni ibada ya masanamu, ikimbieni. La pili: hayo ni mazoezi ya viungo tu, msiingize dini katika kila jambo. Sisi tunaona kuwa majibu yote mawili ni ya haraka. Anayetoa la kwanza hakujishughulisha kujua kinachofanyika juu ya mkeka wa mkandaji, na anayetoa la pili hakujishughulisha kujua kinachosemwa kabla ya kazi kuanza. Yatupasa kwanza kulijua jambo lenyewe, kisha ndipo tulihukumu.

Ukandaji wa Kithai haufanani na ule wa kupakwa mafuta juu ya meza. Mgonjwa hulala juu ya godoro jembamba sakafuni, akiwa amevaa nguo zake pana, na mkandaji humbonyeza kwa vidole gumba, viganja, viwiko, magoti na hata nyayo, kisha humnyoosha na kumkunja viungo kimoja baada ya kingine. Ni kazi ya saa moja au mbili. Jambo hili ni la kale. Simon de La Loubère, mjumbe wa mfalme wa Ufaransa aliyefika Siam mwaka 1687, ameeleza katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1691 kwamba mgonjwa wa nchi ile hulazwa chini, na mtu mwenye ujuzi humpanda na kumkanyaga kwa miguu. Desemba 2019 shirika la UNESCO, katika mkutano wake wa Bogotá, liliuandika ukandaji huu katika orodha ya turathi za wanadamu. Na katika hospitali za serikali ya Thailand mgonjwa wa mgongo hupewa huduma hiyo chini ya bima ya afya ya taifa.

Sasa tuje kwenye mzizi wa maneno. Waalimu wa fani hii husema kwamba mwili wa mwanadamu umepitiwa na njia za nguvu zisizoonekana, nazo huitwa sen. Neno hili Mswahili hulielewa upesi kuliko Mzungu, kwa sababu linakaribiana mno na neno letu "mshipa". Sisi tunaposema mshipa tunaweza kukusudia mrija wa damu, au ukano, au neva, au maradhi yenyewe, na mtu akisema "mshipa umenipanda" hakuna anayemwuliza ni mshipa gani. Mthai naye hulitumia neno sen kwa mrija wa damu, kwa ukano na kwa neva, na pia kwa njia hii isiyoonekana. Mkanganyiko wa maneno umezaa mkanganyiko wa fikra, kwao na kwetu.

Njia hizo, kwa mujibu wa mapokeo, ni 72,000, lakini zilizo kuu ni kumi, na zote huanzia karibu na kitovu. Ittha hushuka paja la kushoto, hurudi nyuma na kupanda kando ya uti wa mgongo, hupita kichwani na kuishia tundu la kushoto la pua. Pingkhala hufanya vivyo hivyo kulia. Sumana hupanda kifuani hadi kwenye ulimi. Kalathari hugawanyika matawi manne yaendayo kwenye vidole vya mikono na miguu. Nyingine huishia machoni na masikioni, na mbili za mwisho huishia kwenye njia za haja. Ndani ya mishipa hiyo, wanasema, hupita lom, yaani upepo, na upepo ukiziba mahali mtu huumwa.

Hapa tumwonye msomaji wetu asikosee. Upepo huu si pepo kwa maana ya jini, ingawa masikio yetu ya pwani hukimbilia huko mara moja. Lom kwao ni mojawapo ya asili nne za mwili: udongo, maji, upepo na moto. Wapo Wathai wanaoamini mizimu na wanaotibu kwa makafara, lakini hilo ni jambo jingine, wala haifai kumtuhumu mkandaji kuwa anapunga pepo kwa sababu tu ametaja upepo.

Majina ya mishipa hii yanatuonyesha yalikotoka. Ittha na Pingkhala ni ida na pingala za Wahindi, na Sumana ni sushumna yao. Na ile hesabu ya 72,000 ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mafundisho ya yoga. Yalifika Siam pamoja na dini na elimu nyingine za Bara Hindi. Vitabu vingi vya tiba vya Siam vilipotea pale Waburma walipouteketeza mji wa Ayutthaya mwaka 1767. Baadaye Mfalme Rama wa Tatu, katika ukarabati wa hekalu la Wat Pho mjini Bangkok uliofanywa baina ya 1831 na 1841, aliamuru elimu za nchi ziandikwe juu ya mabamba ya mawe ili watu wote wasome. Miongoni mwa mabamba hayo, ambayo ni zaidi ya 1,400, yamo 60 ya ukandaji, yenye michoro ya miili na nukta za kubonyeza. Tunalitaja hili kwa insafu: mfalme aliyeona elimu inapotea akaichonga juu ya jiwe ili isiwe siri ya wachache, alifanya jambo la maana, na wapo waganga wetu wa mitishamba wanaokufa na dawa zao kifuani wasimwachie hata mtoto.

Lakini je, mishipa hiyo ipo? Jibu la anayejua maumbile ya mwili ni kwamba haipo. Wapasuaji wameufungua mwili wa mwanadamu kwa karne nyingi, wameiona mirija ya damu, neva, kano na tezi, wala hawakuona mrija utokao kitovuni kwenda tundu la pua. Tena waalimu wa fani hii wenyewe hawaafikiani. Njia anayoichora huyu siyo anayoichora yule, na hata majina hubadilika kutoka kitabu hadi kitabu. Mshipa unaoitwa Rucham kwa huyu huitwa Ulangka kwa mwingine. Kama ingekuwa ni kitu kinachoonekana na kushikika, ikhtilafu ya namna hii ingekwishamalizika zamani.

Upo ushahidi mwingine, nao tunaona una nguvu zaidi kuliko huo wa kisu. Mwaka 2005 watafiti wa Thailand yenyewe walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wagonjwa wa maumivu ya mgongo. Kundi moja lilikandwa Kithai, kwa kufuata mishipa. Kundi la pili lilikandwa kwa mtindo wa Kiswidi, ambao hautambui mshipa hata mmoja kati ya hiyo kumi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, wala halikuonekana moja kulishinda jingine. Tuzingatie maana yake. Aliyeijua ramani na asiyeijua wamefika mahali pamoja. Basi kilichomfikisha mgonjwa si ramani. Ni kidole kilichobonyeza misuli iliyokaza, ni kiungo kilichonyooshwa, ni joto la mkono, na ni mtu kulala kwa utulivu saa nzima bila simu wala kelele.

Mfano wa wazi ni kile wanachokiita kufungua mlango wa upepo. Mkandaji huweka kiganja kwenye kinena, pale unapopita mrija mkubwa wa damu ya mguu, akakandamiza kwa muda, kisha akaachia. Mgonjwa husikia wimbi la joto likishuka hadi unyayoni. Huambiwa: huo ndio upepo, umefunguka. Muuguzi yeyote aliyewahi kupima mapigo ya moyo mahali hapo anajua kwamba ni damu iliyozuiwa ikaachiwa. Alichokisikia mgonjwa ni kweli. Alichoelezwa sicho. Na tofauti hii si ya maneno tu, kwa sababu mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, au mwenye donge la damu mguuni, akidhani ni upepo tu unaochezewa, ataruhusu kufanyiwa jambo linaloweza kumdhuru.

Wala tusiwacheke Wathai. Matabibu wakubwa wa Kiislamu waliusoma mwili kwa nadharia ya Wayunani ya vitu vinne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameandika katika Qanun yake juu ya dalk, yaani kusugua na kukanda mwili, akabainisha kwamba ukandaji mgumu hukaza na ule laini hulegeza. Maelezo yake juu ya mkono yangali yanafaa. Nadharia yake ya vitu vinne imekwisha kuachwa, na hakuna aliyetoka katika Uislamu kwa kuiacha. Mzee wa pwani anayekataa embe kwa kuwa "lina moto" bado anaishi na masalia ya nadharia hiyo. Hatumwiti mshirikina. Vivyo hivyo, Mthai anayesema sen kwa maana ya "hapa pamekaza" ana nadharia mbovu ya mwili, na nadharia mbovu hurekebishwa kwa elimu.

Ambapo jambo hugeuka na kugusa aqida ni mahali pengine. Kabla ya kuanza, mkandaji wa kimila hukunja viganja na kusoma maneno ya Kipali ya kumtukuza Jivaka Komarabhacca, tabibu anayesimuliwa kuwa aliishi zama za Buddha, na ambaye Wathai humwita baba daktari. Kisomo hicho huitwa wai khru, na katika vyuo vingi huwapo sanamu yake, hupelekewa maua na ubani. Katika baadhi ya vyuo, hasa vya Chiang Mai, huombwa roho ya tabibu huyo iwaletee wanafunzi elimu na wagonjwa ahueni. Hii ni dua, na dua ni ibada, na ibada haielekezwi kwa yeyote asiyekuwa Allah (s.w.). Hatuoni njia ya kulipamba jambo hili. Muislamu hashiriki, haitikii "amin", wala hakunji viganja kwa ajili ya kumstahi mwalimu.

Lakini tusichanganye. Mthai hukunja viganja pia anapomwamkia mgeni hotelini na muuza matunda sokoni. Hiyo ni salamu yao, na mkandaji wa hospitali anayekuinamia hivyo hakuombei kwa Jivaka. Kutibiwa na asiyekuwa Muislamu nako si jambo geni. Mtume (s.a.w.) katika hijra yake alimkodi Abdullah bin Urayqit kumwongoza njia, naye wakati huo alikuwa mshirikina, na maulamaa wamechukua humo hoja ya kumtegemea mjuzi mwaminifu hata akiwa wa dini nyingine. Na kuhusu ruqya, masahaba walipomwuliza juu ya zile walizokuwa wakizitumia kabla ya Uislamu, alitaka waziseme azisikie, akaziruhusu zisizo na shirki. Kipimo kilikuwa ni maneno yaliyomo. Hakuuliza zilitoka kabila gani.

Yapo tena ya katikati, nayo ndiyo yanayoponyoka wengi. Maulamaa wetu wametuwekea kanuni: jambo halithibiti kuwa ni sababu ya kupona ila kwa sharia, au kwa majaribio yaliyo wazi. Mwenye kukifanya kitu kuwa sababu, ilhali Allah hakukifanya hivyo kwa njia yoyote kati ya hizo, ameingia katika shirki ndogo hata kama hakusujudia sanamu. Ubonyezaji wa misuli umethibiti kwa majaribio. "Nguvu" zisizopimika, zinazodaiwa kuushikilia uhai wa mtu na kupita kutoka mkononi mwa mganga kuingia kwa mgonjwa, hazikuthibiti kwa njia yoyote. Mwenye maumivu ya bega aseme bega langu limekaza, nakwenda kukandwa. Asiseme nguvu zangu zimeziba, nakwenda kufunguliwa. Huenda mtu akaona hili ni dogo. Sisi hatulioni dogo, kwa sababu tumewaona watu wetu wakianza na maneno ya namna hii wakaishia kuvaa vikuku vya shaba vya "kuvuta nguvu", wakavilipia fedha nyingi kuliko hirizi walizokuwa wakizikataa.

Na liko dhara ambalo si la akhera peke yake. Wathai wa kale walilihesabu pooza kuwa ni maradhi ya upepo, nasi kwetu kiharusi kilidhaniwa kuwa ni pepo hata jina lake likabaki hivyo hivyo. Mtu akipinda mdomo ghafla, akapoteza nguvu za mkono mmoja na maneno yakamkwama, huo si mshipa ulioziba kwa upepo. Ni ubongo uliokosa damu au unaovuja damu, na dawa ya kuyeyusha donge hufaa ndani ya takriban saa nne na nusu tu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha hospitali. Kila saa anayokandwa kwanza ni saa iliyopotea. Ukandaji una nafasi yake baadaye, wakati wa kuurudisha mkono na mguu katika kazi. Vilevile mwenye kisukari anayepata ganzi ya nyayo, akiambiwa ni Kalathari imeziba, ataendelea kulipia mkeka huku sukari ikimla neva. Tunasema haya kwa mkazo kwa sababu Mtume (s.a.w.) amembebesha dhamana mwenye kutibu bila kuijua tiba, na hukumu hiyo yamhusu mkandaji wa Bangkok na mkunga wa kijijini kwetu sawasawa.

Kuhusu sitara hatuhitaji kurefusha. Mwanamume akandwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke, na mlango uwe wa mahali panapojulikana. Si siri kwamba katika miji ya kitalii ya Thailand, na hata katika miji yetu, yako maduka ambayo neno "masaji" ni pazia tu la uzinifu, na anayesema hakujua hujua alipoiona taa ya mlangoni. Hata hivyo tusiwadhulumu wenye fani yao. Katika mtindo wa kasri la Siam mkandaji hupiga magoti kwa mbali, hutumia mikono tu wala haweki mguu juu ya mgonjwa. Na wapo vipofu wengi nchini humo waliofundishwa kazi hii, wakala jasho lao bila ya kunyoosha mkono kuomba. Laiti vipofu wanaokaa milangoni mwa misikiti yetu siku ya Ijumaa wangepata wa kuwafundisha.

Kwani kukanda si kugeni kwetu. Mama mzazi wa pwani hukandwa kwa maji ya moto siku zake arubaini, na mchezaji aliyeteguka hupelekwa kwa mzee ajuaye kuchua. Tulichokosa ni mafunzo yaliyopangwa. Thailand ina sheria ya mwaka 2013 inayosimamia taaluma ya tiba zao za jadi, na kozi za ukandaji huanzia saa 150 na kufikia saa 800, ambamo mwanafunzi hujifunza pia ni nani asiyefaa kukandwa: mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika, mwenye donge la damu. Hujifunza na lile fundo la dawa za moto lenye manjano, mchaichai na kafuri, ambavyo vyote vinapatikana katika masoko yetu.

Wapo akina dada wa Kiislamu ambao wangependa kuisoma fani hii ili wawahudumie wanawake wenzao, nasi tunawaunga mkono. Anayekusudia safari hiyo aulize kabla ya kulipa ada: je, mwanafunzi hulazimishwa kusoma wai khru mbele ya sanamu, au huruhusiwa kukaa nje hadi kisomo kiishe? Ajibiwe kwa maandishi. Chuo kikikataa, atafute kingine, kwani vyuo ni vingi. Kikikubali, na aingie na daftari lake, aijue misuli na kano kwa majina ya kitabibu, na mchoro wa mishipa kumi auandike kama historia.